Ile bahasha iliyo juu ya kabati

Mzazi mwenzangu, mtu akikuambia kwamba watu wa Kilolo ni wavivu, mwambie aje huku mvua za kwanza zikishadondoka. Saa kumi na moja alfajiri ukungu bado umelala mabondeni, na mama wa Dabaga tayari ameshika njia ya shambani, jembe begani, mtoto mgongoni, mbegu kwenye ndoo. Humsikii akisema mahindi atapanda wiki ijayo akipata nafasi. Kule chini Ruaha Mbuyuni mwenye vitunguu anaamka usiku kuangalia kama maji yamefika kwake. Ilula nyanya zikishaiva, zimeiva.

Sasa ingia nyumbani kwa huyo huyo mama. Juu ya kabati kuna bahasha. Ina miezi minane pale. Anaipita kila asubuhi akifagia, anaifuta vumbi, anairudisha. Pengine ni barua ya deni la kikundi cha kuweka na kukopa. Pengine ni karatasi ya daktari inayomtaka arudi kwa kipimo kingine, au fomu ya mtoto inayotaka sahihi ya mtu ambaye hawasemeshani. Ukimuuliza, atakujibu: "Nitaishughulikia kesho."

Mtu anayeamka kabla ya jogoo anashindwaje kufungua bahasha? Mimi nakataa kuuita uvivu. Mvivu huahirisha kila kitu. Huyu anaahirisha jambo moja tu, na ni lile linalomtisha.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa saikolojia wa Marekani, Dianne Tice na Roy Baumeister, walichapisha habari za wanafunzi wa chuo waliowafuatilia kwa muhula mzima. Mwanzoni mwa muhula, wale wenye tabia ya kuahirisha kazi walikuwa na raha kuliko wenzao. Msongo ulikuwa kidogo, na hata kuugua waliugua kidogo. Mwisho wa muhula ulipofika mambo yakageuka: msongo ukawapanda kuwapita wenzao, wakaugua zaidi, na alama zao zikawa za chini. Ukipiga hesabu ya muhula wote, walipata hasara.

Ile raha ya mwanzo ndiyo ya kuiangalia vizuri, kwa sababu ni raha ya kweli. Ukisema "kesho", moyo unatulia saa ile ile. Ni kama kumeza kidonge cha maumivu wakati jino lenyewe linaendelea kuoza. Mwaka 2013 Fuschia Sirois na mwenzake Timothy Pychyl, ambaye kwa miaka mingi alifundisha chuo kikuu kimoja cha Ottawa, Kanada, waliandika jambo linalokaribiana na hilo: anayeahirisha huwa anatafuta nafuu ya moyo kwa sasa, na gharama anamwachia yule atakayekuwa yeye kesho. Kwa hiyo kununua saa nyingine ya ukutani au kujipangia ratiba ya rangi tatu hakutamsaidia sana. Tatizo lake si saa.

Lugha yetu inalijua hili siku nyingi. Tukimwona mtu amekonda, hali vizuri, anakaa kimya jikoni, tunasema "ana mawazo". Hatusemi ni mawazo gani. Kitu ulichokiahirisha hakiendi kulala. Usiku wa manane, baridi ya huku ikishika, ndipo kinapokuamsha. Baba naye anayo bahasha yake, ila ya kwake mara nyingi huenda nayo kilabuni. Msimu wa ulanzi ukifika bahasha inazama vizuri kabisa, na asubuhi inaelea tena.

Mama mmoja wa vijiji vya juu alinisimulia habari yake, akaniruhusu kuiandika bila jina. Kijana wake alimaliza kidato cha sita na matokeo yakawa mazuri. Ili aombe mkopo wa elimu ya juu alihitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Cheti hakikuwepo. Alizaliwa miaka 19 nyuma, nyumbani, na hakuna aliyewahi kwenda kumwandikisha. Kijana akaanza kumkumbusha mama yake. Mama akawa anasema wiki ijayo. Akashuka Kilolo mjini mara tano, akauza viazi, akanunua mbolea, akapanda gari kurudi. Mara moja alifika hadi karibu na lango la ofisi, akageuza.

Kijana akajua moyoni mwake kwamba mama hataki asome. Walifikia hatua ya kutosalimiana asubuhi.

Mama hakuwa anaogopa ofisi. Alikuwa anaogopa mstari mmoja wa fomu, ule unaouliza jina la baba. Mwanaume aliondoka kabla mtoto hajazaliwa, ana mji wake kijiji cha pili, na wanakutana mnadani. Mtoto hakuwahi kuambiwa. Alichokuwa anakiahirisha mama huyu ni swali la miaka 19. Karatasi ilikuwa kifuniko tu.

Kilichomtoa hapo hakikuwa mahubiri. Jioni moja, wakipukuchua maharage, alimwambia dada yake. Dada hakumlaumu wala hakumpa nasaha ndefu. Alimuuliza tu, "Mdogo wangu, kadi ya kliniki ya mtoto iko wapi?" Hawakujua. Wakaacha maharage, wakaanza kutafuta. Kadi hawakuiona, ila walipata cheti cha ubatizo kwenye mkebe wa biskuti. Ikawa basi kwa siku hiyo. Siku mbili baadaye walikwenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua. Na kati ya mtendaji na ofisi ya wilaya, mama alikaa na mwanawe akamwambia. Sehemu hiyo hakunisimulia, nami sikuuliza. Najua tu kwamba kijana alituma maombi yake siku za mwisho mwisho, na kwamba wanasalimiana.

Ninavyoona mimi, yule dada alifanya kazi ya kitaalamu bila kujua. Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili anayeitwa Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa. Wenyeji wa kule wana neno lao la hali hiyo, maana yake ni kufikiri kupita kiasi, ndugu kabisa wa "mawazo" yetu. Bibi haanzi na kutatua yote. Anamsaidia mtu achague tatizo moja kati ya rundo, kisha watafute hatua moja inayowezekana, na mtu arudi kusema ilikwendaje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopita kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kilolo hatukosi bibi, wala hatukosi benchi.

Zipo bahasha nzito kuliko cheti. Mkoa wetu wa Iringa ni wa pili nchini kwa maambukizi ya VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta asilimia 11.1 ya watu wazima hapa, nyuma ya jirani zetu wa Njombe wenye 12.7, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Nani huku hana ndugu aliyeahirisha kupima mpaka akabebwa? Na wengi wao si kwamba hawakujua zahanati ilipo. Kabla ya kupima unaweza kusema huna. Ndiyo raha ile ile ya mwanzo wa muhula. Leo kupima ni bure, dawa ni bure, na mwenye virusi anayemeza dawa vizuri anaona wajukuu. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, mtu mzima anaweza kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 anaweza kupimwa bila kusubiri ridhaa ya mzazi. Kama peke yako miguu inagoma, omba mtu wa kwenda naye. Usimwombe akushauri, mwombe akusindikize.

Nije kwa watoto, maana wengi mnaoniandikia mnalalamikia hilo. Mtoto ana mtihani, naye anapanga vitabu, anachonga penseli, anakwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyemtuma. Wewe unafoka: "Mvivu wewe, utaishia kuchunga!" Unadhani unamsukuma. Kwa kweli umemwongezea hofu, na hofu ndiyo iliyomfukuza kwenye daftari. Mwaka 2010 Michael Wohl na wenzake huko Kanada walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliochelewa kujisomea kwa mtihani wa kwanza. Wale waliojisamehe walipunguza kuahirisha walipojiandaa kwa mtihani wa pili. Sisi tuliolelewa kwa fimbo tunaona hilo ni kudekeza, lakini jaribu kumuuliza kwa sauti ya chini, "Hesabu gani inakutisha?" Kisha kaa naye dakika kumi kwa hiyo moja tu. Kama hesabu zenyewe huzijui, menya viazi pembeni yake. Hiyo nayo inatosha.

Wapo ambao haya hayatawatosha. Ukikosa usingizi wiki baada ya wiki, moyo unakwenda mbio umekaa tu, chakula hakipiti, au unaona heri usingekuwepo, hiyo si bahasha ya kufungua na dada. Nenda zahanati au kituo cha afya, useme hivyo hivyo ulivyo, wakupe rufaa. Ni ugonjwa kama malaria na una tiba. Na kama ni lile la mwisho, la kuona heri usingekuwepo, nenda leo, na usiende peke yako.

Kuhusu vyeti, kwa kuwa mtaniuliza: usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano ulirahisishwa mkoani kwetu tangu 2016, na cheti cha kwanza hutolewa bure kwenye vituo vya afya vinavyotoa huduma ya mama na mtoto na kwenye ofisi za watendaji wa kata. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Aliyepita hapo bado anaandikishwa, ila kadiri umri unavyokwenda wanataka vielelezo zaidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, barua ya mtendaji. Siku ya kliniki ijayo, ukishapima uzito wa mtoto, uliza hapo hapo dirishani kabla hujafunga kanga ya kurudi nyumbani.