Kigwena: Msitu unaoshindana na mawese

Msafiri anayetoka Bujumbura kwenda Nyanza-Lac hufuata barabara ya kandokando ya Ziwa Tanganyika, ziwa likiwa kuliani na milima kushotoni. Akishaupita mji wa Rumonge, safari nzima inakuwa ya michikichi. Katikati ya michikichi hiyo, kilomita chache kusini mwa mji, kuna msitu wa asili wa Kigwena.

Ni msitu mdogo, haufiki hata hekta 1,000. Nyani na tumbili wangali humo, na ndege wengi. Umuhimu wake ni kwamba misitu ya aina hii, ya bonde la joto karibu na usawa wa ziwa, imekwisha Burundi. Iliyobaki nchini ni ya milimani, kama Kibira. Kigwena ukifyekwa hakuna mwingine wa kuchukua nafasi yake.

Mpaka wake kisheria uliwekwa kwa amri ya mwaka 2000, na tangu 2014 dhamana ya hifadhi za nchi iko kwa OBPE, ofisi iliyorithi kazi za INECN. Kwa hiyo sheria ipo. Mashaka yako kwenye biashara.

Rumonge ni mji wa mawese na samaki. Mafuta yake hupelekwa Bujumbura na kwingineko, na mkulima mwenye michikichi michache anajua atapata nini kila msimu. Chikichi huchemshwa kabla ya kukamuliwa, na kuchemsha kunataka kuni. Msitu basi unabanwa mara mbili: mkulima anautazama kama shamba, na mkamuaji anautazama kama kuni.

Suala la ardhi nalo lina historia yake. Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia ukanda huu, na watu wengi walikimbilia Tanzania. Nyuma yao mashamba yalichukuliwa na wengine, mengine yakawa ya michikichi ya mradi wa serikali. Wakimbizi waliporejea, hasa baada ya vita kupungua miaka ya 2000, walikuta wenyeji wapya. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ilipokea mashauri mengi kutoka Rumonge. Mahali ambapo ndugu walifikishana mbele ya tume kwa ajili ya kipande cha shamba, kumwambia mtu kwamba mamia ya hekta ni ya nyani si maneno mepesi.

Jibu linalotolewa siku zote ni utalii. Mfano haupo mbali. Kusini mwa mpaka, katika ziwa hilohilo, iko Gombe, moja ya hifadhi ndogo kabisa za taifa nchini Tanzania. Jane Goodall alifika huko mwaka 1960 kuchunguza sokwe, na mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Leo watu wanasafiri kutoka mabara mengine, wanalala Kigoma na kupanda boti kwenda kuwaona. Udogo peke yake, basi, hauzuii mapato.

Lakini Kigwena si Gombe. Kivutio chake si sokwe. Kwa upande wa Burundi sokwe wako juu, kwenye vilima vya Vyanda. Wala hauna jina duniani. Mtu hatapanda ndege kutoka Ulaya kwa ajili ya Kigwena pekee. Anaweza kusimama hapo nusu siku kama tayari yuko ziwani, akitoka Kigoma au akienda huko, na kuongezea Vyanda siku ya pili.

Hapo ndipo mpaka unapoharibu mambo. Viza ya pamoja ya utalii iliyoanza 2014 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Burundi, iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Tanzania zilibaki nje. Mgeni wa Gombe akitaka kuvuka Manyovu kuja Mugina lazima apate viza nyingine. Tangu 2022 kukaongezeka uhaba wa petroli nchini Burundi na pengo kubwa kati ya bei rasmi ya dola na bei ya mitaani. Mwendesha utalii makini hawezi kupanga safari kwa hesabu za namna hiyo.

Tuseme hayo yote yakatatuliwa. Fedha zitamfikia nani? Rwanda ilianza mwaka 2005 kutoa asilimia 5 ya mapato ya hifadhi kwa wakazi wa pembeni, na mwaka 2017 ikapandisha hadi 10. Lakini Rwanda ina sokwe wa milimani, ambao kibali chao kwa mgeni ni dola 1,500. Asilimia 10 ya kiingilio cha Kigwena haitamfanya mkulima asahau chikichi.

Kwa hiyo mawese yenyewe ndiyo mahali pa kuanzia. Mkamuaji akipata jiko linalokula kuni kidogo, na miti ya kuni ikapandwa nje ya mpaka wa msitu, shoka litapungua kabla hata mtalii wa kwanza hajafika. Hilo halihitaji viza. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya Rumonge–Gitaza na ile ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, njia zitakazoyafikisha mawese ya Rumonge mbali na kwa haraka zaidi. Njia ikiwa nzuri, bei shambani itapanda, na hamu ya kupanda michikichi itapanda nayo.