Mastaa, Rudisheni Hicho Kikadi Mlichobandua!

Wadau, leo sina stori za nani kaachana na nani. Twende Kasulu na Kibondo, kwa akina mama wanaouza hereni, vidani na bangili za shanga siku za gulio. Kuna watu wanawachezea, na nimechoka kunyamaza.

Yuko dada mmoja wa mjini, jina kapuni, wafuasi kibao. Alipita huku na msafara wake, akasimama kwenye meza ya mama mmoja, akapiga picha weee, akashusha bei mpaka mama wa watu akabaki anacheka kwa aibu. Akabeba mzigo. Wiki haijaisha, hereni zilezile ziko mtandaoni, eti "ubunifu wangu mpya", bei mara sita! Na kile kikadi cha boksi chenye jina la mama na neno Kasulu? Kimebanduliwa.

Mkiambiwa, mnajibu: kosa lao, hawajui kupanga biashara ivutie. Nani kawadanganya? Hereni wanazichomeka kwenye boksi lililokunjwa kama paa, zikae usawa wa macho. Shanga nyeupe zinalala juu ya kitambaa cheusi, maana juu ya kanga ya maua huzioni. Bangili zinavalishwa chupa ya soda. Vya kitenge havikai upande wa jua, vinapauka. Lile vumbi jekundu linafutwa kutwa nzima, na wingu likitanda shanga za karatasi ndizo za kwanza kuingia ndooni. Halafu kuna kioo kidogo pembeni. Mteja akishajiona na hereni sikioni, mkono wenyewe unaenda kwenye pochi.

Sikatai, wapo wanaomwaga kila kitu chini kwenye turubai. Hapo mteja anachambua kama mitumba, na bei anayotaja ni ya mitumba. Ila kwangu tatizo kubwa ni bei kutoandikwa. Bei ya kuulizwa inapangwa kwa kuangalia viatu vya anayeuliza, na staa akija na wapambe wanne, mama anaogopa hata kuitamka. Iandikwe, kwa maka peni, herufi kubwa. Maelewano yatakuwepo tu, hii ni Bongo, lakini yaanzie kwenye namba ya mwenye mali.

Mwingine, mheshimiwa fulani hivi, nilimsikia kwa masikio yangu akisema "hivi vishanga tu". Vishanga? Mkoa huuhuu wa Kigoma, pale Ujiji, shanga zilikuwa hela! Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Ujiji Februari 1874, akakuta soko linaendeshwa kwa shanga zinazoitwa sofi, fupi kama vipande vya kiko kilichovunjika, na watu maalumu wa kuzibadilisha kama maduka ya fedha ya leo. Sasa leo mtu anaomba apewe pea mbili za bure "kwa ajili ya kuwatangaza".

Tuje kwenye huko kutangaza, maana ndiyo ngao yenu. Umetangaza hereni, mama hukumtangaza. Aliyezipenda kutokea Mwanza au Dodoma atamfikiaje, kwa ndoto? Kikadi kile ndicho kibao cha duka lake, hana kingine. Ukikibandua umemfungia duka.

Na msinijie na hoja kwamba alinunua kwa hela yake. Ni kweli, kalipa, auze hata mara kumi, biashara ni biashara. Nauli kutoka huku hadi Dar si mchezo na mzigo una hasara zake. Kinachonichefua ni lile neno "ubunifu wangu". Kidani kimoja cha kusuka kinaweza kula siku nzima, mgongo umepinda, macho yanawasha. Siku hiyo ni ya mama, haikuuzwa pamoja na kidani.

Kwa hiyo nyie wanunuzi wa mjini, mkikutana na hereni za namna hiyo kwenye duka lenye kiyoyozi, ulizeni kazitengeneza nani. Akijibu "mimi", mpeni koleo na kipande cha waya, akunje kulabu moja tu ya sikio mbele yenu, tuone.