Maji Hayamezi Kitu

Simama kwenye daraja lolote la Mto Nairobi, Kariobangi hadi Dandora, utaona dini kubwa ya Eastlands ikifuatwa mchana kweupe: tupa mtoni, maji yatapeleka mbali. Huko mbali kuna jina. Mto huu unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwagikia Bahari Hindi, kaskazini mwa Malindi.

Msidhani ni dini ya makabwela tu. Wenye tai wa kampuni za mafuta wanayo hiyohiyo, ila wao huiandika kwenye ripoti. Visima vya baharini vikikauka, wengi huomba mabomba yaachwe palepale. Bahari ni kubwa, eti. Baada ya vuta nikuvute ya mwaka 1995 juu ya kuzamisha Brent Spar, mtambo wa mafuta uliochakaa, nchi za kaskazini mashariki ya Atlantiki zilikataza mwaka 1998 kutupa baharini mitambo chakavu ya mafuta. Mabomba hayakuguswa na katazo hilo.

Na taabu imo ndani ya mabomba. Maji yanayopanda na mafuta hubeba radiamu, madini yenye mnururisho, kutoka kwenye miamba. Bariamu ya maji hayo ikikutana na salfeti, radiamu hunaswa humo na kuganda ukutani mwa bomba, kama ule ukoko mweupe wa birika katika nyumba za maji ya kisima. Radiamu-226 huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Chuma hakifiki huko. Kitaoza, na ukoko utamwagikia matope wanamokula kaa na chaza. Mwilini, radiamu hujifanya kalsiamu: huenda moja kwa moja kwenye mfupa na gamba.

Watetezi hujibu kwamba ukoko huo hauyeyuki kirahisi. Kweli kabisa. Ndiyo maana utabaki hapohapo, mdomoni mwa kila kiumbe kinachokula matope.

Sisi wa Dandora tungekuwa wa mwisho kudanganywa. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilichapisha matokeo ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa letu: nusu yao walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi katika damu. Taka zilikuwa "zimeshatupwa", sivyo?

Kenya bado haizalishi mafuta baharini. Kisima cha Mbawa, mwaka 2012, kilikuta gesi isiyotosha biashara. Basi anayetaka kutoboa tena sakafu ya bahari yetu aweke kwanza, kabla ya leseni, pesa za kung'oa kila bomba, na atuonyeshe huo ukoko atauzika wapi. Dandora pamejaa.