Hata Njiwa Kapewa Zamu

Naanza na ugomvi kabisa ili tusipotezeane muda. Washikaji zangu wa Mbinga wanalalamika kwamba gemu la Battlefield 1 limetuacha nje sisi watu wa Afrika Mashariki. Mimi nasema afadhali lilivyotuacha. Na nasema tena kwamba sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunafanya kosa lile lile la hilo gemu, tena kwa kalamu ya Bic.

Mimi ni mtu wa Liparamba. Kidato cha nne nimemaliza, cha tano sikuchaguliwa. Nikipeleka mahindi Mbinga mjini, jioni huwa napitia kibanda kimoja cha gemu. Kwa kawaida pale ni mpira tu, mtindo wa ukifungwa unatoka. Siku hiyo mwenye kibanda kaweka diski ya vita. Pedi moja, watu kumi. Ukifa unampisha mwenzio.

Kwa wasiolijua: gemu hilo lilitoka mwaka 2016, watengenezaji ni DICE wa Stockholm, Sweden, na wauzaji ni Electronic Arts wa Marekani. Habari yenyewe ni Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Unaiona vita kwa macho ya mpiganaji. Mbele yako kuna mikono yako na bunduki, na nyuma ya bunduki kuna dunia ya kupigwa risasi.

Nitatenda haki. Mwanzo wake ulinishika. Unakuwa askari mweusi wa Kimarekani, wa kile kikosi cha Harlem kilichopigana Ufaransa, na unaambiwa mapema kwamba hutarajiwi kupona. Ukiuawa, linatokea jina la marehemu, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa, halafu unahamia kwenye mwili wa mwingine. Kibanda kizima kilikuwa kelele tupu. Lilipotokea jina la kwanza, watu wakanyamaza. Aliyebuni hilo anaijua kazi yake, sibishi.

Baada ya hapo hadithi zinagawanyika. Yuko dereva wa kifaru, yuko rubani, yuko Mwitaliano aliyevaa deraya, yuko Mwaustralia wa kupeleka ujumbe kule Gallipoli, na yuko mwanamke wa Kibedui anayepigana pamoja na Lawrence jangwani. Sisi hatumo.

Hapo ubishi ukawaka. "Wametubagua! Vita ilikuwa hapa hapa!" Ni kweli ilikuwa hapa hapa. Tarehe 13 Agosti 1914, pale Liuli kwenye mwambao wetu wa Ziwa Nyasa, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliipiga mizinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita imeanza; aliyempiga alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Septemba 1918 alivuka tena kurudi, akapita nchi ya Songea, hadi akasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya vita ilikuwa imekwisha wiki mbili kabla.

"Sasa si wangetuwekea na sisi askari wetu?" wakasema washikaji. Askari yupi, ndugu zangu? Wa Mjerumani? Jeshi lile ndilo lililochoma mashamba yetu wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, na ndilo lililowanyonga wazee wetu pale Songea mwaka 1906. Mnataka nikae nyuma ya bunduki hiyo nihesabu pointi? Au wa Mwingereza, aliyekuja kumtoa Mjerumani ili akae yeye?

Lakini hata hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba vita ya huku ilitembea juu ya vichwa vya watu. Punda, farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Reli ya kufika huku kwetu haikuwapo. Basi kila risasi, kila kiroba cha unga, kila sanduku la dawa, na mzinga uliofunguliwa vipande vipande, vilibebwa na binadamu. Ratili 50 hadi 60 kwa kila kichwa. Ng'ambo ya ziwa waliwaita tengatenga. Dar es Salaam jina lao limebaki Kariakoo, na Nairobi limebaki Kariokor, yaani Carrier Corps kwa matamshi yetu.

Piga hesabu kidogo, wewe uliyefaulu na wewe uliyefeli kama mimi. Mpagazi ana ratili 50 za unga kichwani. Na yeye ni mtu, anakula. Tuchukue ratili 2 kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, amekula ratili 40. Anayepigana mbele kafikishiwa ratili 10. Kwa hiyo ili askari mmoja apige risasi, kijiji kizima kinatembea nyuma yake, na wa kumlisha huyo anayetembea anatoka kijiji kingine. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja. Waliokufa, wanahistoria wengi wanakadiria, ni kama laki moja, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa. Kwa upande wa Mjerumani hata hesabu haikuandikwa sawasawa.

Mtu wa namna hiyo gemu hili haliwezi kumwona. Siyo kwa sababu ni mweusi. Mweusi wamemweka hadi kwenye jalada. Ni kwa sababu mikono yake haina bunduki. Ndani ya gemu risasi zikiisha, kuna za kuokota. Nani kazileta? Zimejileta. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huku kwenye gemu hata usufi wenyewe haupo.

Na mkisema mbebaji hawezi kuchezeka, nawajibu: kuna mahali katika ile hadithi ya kifaru wanamrusha njiwa wa kupeleka ujumbe, na mchezaji anakuwa yule njiwa. Unapiga mabawa juu ya uwanja wa vita, tena kwa utulivu mzuri sana. Kwa hiyo mbebaji anachezeka! Hata njiwa kapewa zamu. Watu milioni moja hawakupewa.

Msinielewe vibaya, siwaombi watu wa Stockholm chochote. Wao wameuza walichonacho. Hasira yangu iko hapa nyumbani. Nendeni Dar es Salaam mkaitazame Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Juu yuko mwanamume na bunduki yenye singe. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini tu, na maandishi hayo hayo yanaahidi kwamba anayekufa jina lake litakumbukwa na wanawe. Jina lenyewe halimo hata moja. Nairobi angalau mpagazi kasimama pamoja na wenye bunduki.

Na mimi je? Nina kaunta buku tatu za riwaya. Sura ya kwanza nilianza na askari shujaa, kajificha kwenye majabali ya Liuli, anapiga risasi kumi na moja, wanaanguka watu kumi na mmoja. Nikaona nimemaliza kazi. Jioni moja nikamsomea bibi yangu huku anapepeta unga. Kanisikiliza mpaka mwisho, halafu kaniuliza, "Mume wangu, hao watu wako wanakula saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Kurasa arobaini, hakuna aliyekula. Nilikuwa nimeandika gemu.

Ndipo bibi akanipa habari ambayo sikuwahi kumwuliza miaka yote. Babu yake yeye alichukuliwa shambani, akatwishwa unga, akaongozwa njia ya Songea, hakurudi. Kaburi halijulikani. Mkewe alikaa miaka akimwekea chakula, mpaka wazee wakamwambia aache. Jina lake walimrithisha mtoto wa kiume aliyezaliwa baadaye, ndiyo maana halikupotea. Sasa ninalo mimi. Hapa silitaji, nalitunza kwa ajili ya sura ya kwanza.

Wengine mtasema hadithi ya mzigo haina msisimko. Ng'ambo ya ziwa, Novemba 1914, mchungaji John Chilembwe aliandika barua gazetini kuuliza kwa nini Waafrika wafe katika vita isiyo yao. Serikali ilizuia toleo hilo la gazeti. Januari iliyofuata aliongoza maasi, Februari akauawa. Kama hakuna msisimko, mbona waliogopa barua?

Nafsi ya kwanza, wenzangu, siyo mtutu unaoonekana chini ya kioo. "Mimi" wa kwenye riwaya ana shingo inayouma, ana tumbo, ana mke anayemwekea chakula. Hiyo nguvu tunayo sisi, Sweden hawana, halafu tunaiacha ili tuige risasi!

Kaunta buku ya kwanza nimeichana. Naandika upya, naanza na kata ya majani ya mgomba juu ya kichwa kitupu. Na wewe unayesoma hapa, kwenu alichukuliwa nani? Bibi yako angali hai? Kamwulize wiki hii.