Mashine Iliyokwama Haijafa

Miongoni mwa mambo yanayotufikia sisi watumishi wa msikiti ni mirathi ya mafundi. Marehemu huacha karakana ndogo uani, Keko au Tandika, na ndani yake mashine ya kukereza vyuma iliyolala miaka kadhaa. Warithi huijaribu, haizunguki. Ndipo huitwa mnunuzi wa chuma chakavu na mzani wake. Kwa namna hiyo chombo kilicholisha familia huuzwa kwa kilo, na fungu la yatima hupungua hata kabla halijagawanywa.

Ndugu wasomaji, mashine iliyokwama mara nyingi haijafa. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu. Mafuta ya zamani huganda yakawa kama gundi, na kutu hujaza nafasi nyembamba baina ya chuma na chuma. Dawa yake ni kuifungua, kuisafisha na kuipaka mafuta mapya. Kinachoiua hasa ni nyundo ya mwenye haraka, kwani sehemu zake nyingi ni za chuma cha kusubu, ambacho hakipindi: kikizidiwa hupasuka.

Kwanza umeme ukatwe kwenye swichi kuu, si kwenye mashine peke yake. Kila hatua ipigwe picha kwa simu, na kila skrubu iwekwe katika kopo lenye alama. Sehemu inayong'ang'ania itiwe mafuta ya kulegeza kutu, iachwe usiku kucha, na kesho yake itiwe tena. Bolti isiyofunguka ikazwe kidogo kwanza ili kutu ikatike, kisha irudishwe taratibu.

Pini nazo zitazamwe kwa makini. Nyingi ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Hutolewa kwa kugongwa upande mwembamba, na anayegonga upande mnene huzidi kuzikaza. Kati ya nyundo na pini kiwekwe kipande cha shaba. Nati iliyokataa kabisa hupashwa moto ili tundu lake lipanuke, lakini baada ya kufuta mafuta yote, maana hushika moto. Kwa sababu hiyo hiyo petroli isitumike kusafishia.

Mtihani mkubwa ni kile kichwa chenye taya kinachoshika kazi, ambacho katika mashine nyingi za zamani hufungwa kwa hesi kwenye mhimili. Wapo wanaozuia mhimili kwa kufunga gia, kisha wakavuta kwa bomba refu. Meno ya gia huvunjika, na gia ya mashine kuukuu haipatikani dukani kwa urahisi. Iliyo salama zaidi ni kutia mafuta kwenye hesi kwa siku kadhaa, kubana gongo la mbao ngumu katika taya, kuuacha mhimili uzuiwe na mkanda tu, kisha kulipiga gongo mapigo mafupi ya ghafla kuelekea upande wa kufungulia. Kabla ya hapo ubao utandikwe juu ya reli, chini ya kichwa hicho. Ni kizito, na kikianguka hujeruhi reli na vidole.

Kazi hii yaweza kuchukua wiki nzima, na asiyeijua amwite fundi mkereza. Hapa hapa Temeke tunacho chuo cha VETA Chang'ombe, ambako vijana hufundishwa ufundi. Familia isiyo na fundi wake yaweza kuanza kuulizia huko.

Tunachowaomba wasimamizi wa mirathi ni kimoja: mashine isithaminiwe ikiwa ingali imekwama, wala bei yake isipangwe na yule anayetaka kuinunua. Ifunguliwe, isafishwe, izungushwe mbele ya mashahidi, kisha fundi asiye na maslahi ataje thamani yake. Hapo warithi wataamua kwa ridhaa, ama wauze, ama mmoja wao aendelee na kazi ya baba.

Wabillahi tawfiq.