Mtoto wa mtoni kwenye bwawa la mjini

Shule zinapofungwa mwezi Juni na Desemba, mabasi yanayosimama Ruaha Mbuyuni huondoka na abiria wengi wadogo. Hao ni watoto wanaopelekwa kwa shangazi, kwa mjomba au kwa mama mkubwa, Iringa mjini ama Dar es Salaam, na wazazi hawaachi kuwafungia vitunguu vya kuwapelekea wenyeji. Wenyeji nao hutafuta namna ya kuwakirimu wageni wao, na siku hizi bwawa la kuogelea limeingia katika takrima hiyo. Kwetu Tanzania bwawa la umma mara nyingi ni la hoteli au la bustani ya burudani: ukilipa kiingilio, umeingia.

Ndugu Waislamu, mazungumzo yetu juu ya mabwawa haya hukomea kwenye stara na mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Masheikh wetu wamelieleza hilo vya kutosha, nami sina la kuwazidishia. Ninalotaka kulisema ni lile linalofuata. Familia inafika bwawani. Mama, kwa kuchunga stara yake, anajitenga mbali kivulini akilinda viatu na chakula. Baba ameinamia simu. Watoto wa miaka mitatu na minne wanaachiwa kaka yao wa miaka kumi. Hapo stara imehifadhiwa na roho imeachwa bila mlinzi, ilhali kuhifadhi uhai ni miongoni mwa makusudio makuu ya Sharia, na wanachuoni huutanguliza uhai panapokuwa na dharura.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtoto aliyekulia kandokando ya Ruaha Mkuu, kwa sababu yeye na wazee wake wanaamini kwamba maji anayajua. Amezoea kuoga mahali palepale wanapooga wenzake, ambapo mchanga unateremka kidogo kidogo na kina anakijua kwa miguu yake. Amezoea mifereji ya kumwagilia vitunguu, ambayo mingi humfika magotini. Tena mtoni kuna mamba, na mamba ni mwalimu mkali: hakuna mtoto wa huko anayejitosa bila kutazama kwanza. Bwawani hayupo mamba, maji ni meupe hata sakafu inaonekana kama iko karibu, na hofu yote inaondoka. Hatua mbili tatu, sakafu inazama chini ya miguu. Kuta ni za vigae vinavyoteleza, hakuna mzizi wala tete la kushika.

Na tusisubiri kelele. Mtoto mdogo anayezama kwa kawaida hapigi ukelele, kwa kuwa kinywa chake kinatafuta pumzi na mikono yake inasukuma maji chini. Jambo hilo huweza kumalizika katika muda mfupi kuliko wa kupokea simu moja, hata katika maji yasiyofika kifuani mwa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Maboya ya kujaza upepo yanayovishwa mikononi ni ya kuchezea, hutoka, hupasuka. Mlinzi wa mtoto wa umri huo ni mtu mzima aliye ndani ya maji pamoja naye, anayeweza kumfikia kwa kunyoosha mkono. Bwawa likiwa na mwokoaji, na litakuwa jambo jema likiwa naye, yeye anatazama watu wote.

Akitolewa mtoto asiyepumua, tusimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo kama ilivyozoeleka. Apuliziwe pumzi mdomoni mara moja, kisha akandamizwe kifua, mambo hayo mawili yakipokezana, huku mwingine akitafuta gari. (Na mtoto anayeharisha abaki nyumbani, maana klorini haiui kila kijidudu papo hapo.)

Najua jibu litakalokuja: ajali ni kadari, na aliyekufa maji ni shahidi. Yote mawili ni kweli. Lakini habari njema ya shahidi imekuja kumliwaza mfiwa, haikuja kumpa mzazi ruhusa ya kuzembea, naye ni mchungaji atakayeulizwa juu ya alichokabidhiwa. An-Nasai na at-Tabarani wamepokea hadithi inayokutaja kujifunza kuogelea miongoni mwa mambo manne yasiyohesabiwa kuwa ni upuuzi. Basi elimu hii si ya kuwaachia watoto wa kiume peke yao.

Tena si kweli kwamba mwanamke wa Kiislamu hana namna ya kuingia majini. Kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje ulifundisha wasichana na wanawake kuogelea na kuokoa, wakiwa wamevaa mavazi ya kufunika mwili. Picha zao, alizopiga Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Baibui halifai, kwani huloa, likawa zito na kukwamisha miguu. Vazi la stara la kuogelea, la kitambaa kisichonyonya maji, limekuwapo tangu Aheda Zanetti wa Australia alipolibuni mwaka 2004. Mjini Grenoble, Ufaransa, jiji liliruhusu vazi hilo katika mabwawa yake mwaka 2022, na mahakama ya juu ya utawala ikalizuia ndani ya wiki chache.

Kwetu hakuna haja ya kufika mahakamani. Kamati ya msikiti ulio jirani na bwawa imwendee mwenye bwawa kabla ya likizo ya Desemba, imwombe asubuhi moja katika juma iwe ya akina mama na watoto wao wadogo, na mwokoaji awe mwanamke. Mwenye bwawa ni mfanyabiashara. Akiletewa familia ishirini zitakazolipa kiingilio asubuhi ya Jumanne, wakati bwawa lake liko tupu, atakuwa na sababu gani ya kukataa?