Sayansi Isiyotoka Nje ya Mlango

Pana desturi katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki ambayo imezoewa mpaka haishangazi tena. Mwalimu huandika ubaoni sehemu za mmea: mzizi, shina, jani na ua. Watoto hunakili, hutamka kwa sauti moja, na siku ya mtihani huandika walichotamka. Nje ya dirisha umesimama mpapai wenye mzizi, shina, majani na maua, wala hapana mtoto aliyeambiwa autazame. Somo hilo huitwa sayansi. Jina hilo halilistahili.

Watetezi wa desturi hiyo wana hoja tatu: vyombo ni haba, watoto ni wengi, na mtihani hautaki ila majibu. Yafaa hoja hizo zipimwe moja moja, kwani kila moja ina chembe ya kweli, na kila moja imetumiwa kufunika kosa kubwa kuliko kweli hiyo.

Kwanza vyombo. Ufito mmoja uliosimikwa wima uwanjani ni chombo. Vitabu vilivyotungiwa watoto wa Ulaya hueleza kuwa kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Mtoto wa Dar es Salaam akipima kivuli cha ufito wake mwezi wa Juni atakiona chaelekea kusini; mwezi wa Desemba atakiona kimegeuka; na mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Oktoba na mwanzoni mwa Machi, jua litasimama utosini hata kivuli kikaribie kutoweka. Vivyo hivyo mtoto wa pwani hujua kabla ya kuingia shule kwamba maji ya leo hujaa baadaye kuliko ya jana. Akipewa saa na daftari atagundua kuwa tofauti hiyo ni yapata dakika 50 kila siku, na kwamba bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Baba yake mvuvi hulijua jambo hilo bila kuliandika. Kazi ya shule ni kumpa mtoto kipimo na hesabu, na kumfundisha kuuliza sababu. Haya hayahitaji fedha. Yahitaji mwalimu aliye tayari kufungua mlango.

Pili, wingi wa watoto. Darasa la watoto 80 ni mzigo wa kweli, na asiyewahi kulisimamia asilidharau. Lakini watoto hao waweza kugawanywa makundi 10 ya watoto wanane, kila kundi likachutama mbele ya kishimo cha yule mdudu mdogo akaaye mchangani akingoja sisimizi waporomoke. Wataona jinsi arushavyo mchanga ili mawindo yasipande, na jinsi aendavyo kinyumenyume. Somo la namna hiyo si ndoto. Katika miaka ya 1960 ulianzishwa Mpango wa Sayansi ya Shule za Msingi za Afrika, na miongoni mwa masomo yake lilikuwamo la mdudu huyo. Eleanor Duckworth aliuchunguza mpango huo nchini Kenya, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1978. Hakuridhika kuwauliza watoto maneno. Waliwekewa vitu mbele yao, ikatazamwa watavifanyia nini. Waliofundishwa kwa mpango huo walibuni mambo mengi zaidi ya kujaribu, na ya kina zaidi, kuliko wenzao. Kwa hiyo njia imekwisha kupitwa.

Tatu, mtihani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa yakiwa baridi. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam, naye akalipeleka swali kwenye majaribio. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari hiyo pamoja, na hata leo wataalamu wabishana juu yake. Katika mtihani wa majibu tayari, Mpemba angalikosa alama, na aliyemkebehi angalipata zote. Mtihani kama huo hupima utii. Tena haukushuka kutoka mbinguni. Umetungwa na watu, na watu waweza kuutunga upya.

Lakini isidhaniwe kuwa kutoka nje pekee kwatosha. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa Tanzania mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa liwe mahali pa kujifunzia. Kila penye watoto waliolima na kuvuna bila kupima mbolea, bila kulinganisha tuta na tuta, bila kuandika neno, kusudi hilo lilipotea. Walirudi darasani na uchovu tu. Jembe lisilofuatwa na swali ni kazi ya mikono, kama vile ubao usiofuatwa na jaribio ulivyo kazi ya ulimi. Uwanja huleta jambo, darasa hulipima. Kimoja kikikosekana, kingine hulemaa.

Hasara ya desturi hii haiishii shuleni. Mtoto wa miaka saba afundishwaye kuamini maneno ya ubaoni dhidi ya macho yake hukua akawa mtu mzima asiyeweza kumwuliza mwuza dawa ya uongo ushahidi wake, wala kiongozi hesabu yake. Taifa lililofundisha hivyo lisishangae likikosa wavumbuzi. Liliwakuta wakiwa wadogo, wamejaa maswali, likawaketisha, likafunga mlango.